Bomba la Wandera na Kamba ya Askofu

Mume wangu Wandera ni fundi hodari na ni mtu mwenye kichwa kigumu, na ukiniuliza kipi kati ya hivyo viwili kimenichosha zaidi, sitakujibu leo. Nimeshamwambia hayo uso kwa uso. Nimemwambia mbele ya mama yake, na ile Jumamosi ya mwaka wa tisini na sita nikamwambia mbele ya askofu. Kwa hivyo usije ukasema Mideva anamsengenya mumewe.

Tulikuwa tunakaa Jericho, zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye uwanja katikati, na watu pale waliniita Mama Job kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa ameshaoa na kuhamia Tassia. Wandera alifanya kazi Industrial Area, kwenye karakana ya Bwana Maingi, wakiunda mabomba ya kunyunyizia mimea dawa. Bomba la kawaida unalijua: unalibeba mgongoni kama mtoto, mkono mmoja unapampu, mwingine unaelekeza dawa. Lakini siku hizo mabomba ya kutoka nje yalikuwa yamejaa madukani, ya Maingi yakawa yanalala tu kwenye rafu, na watu kumi na mmoja walikuwa wameshaambiwa waende nyumbani. Waliobaki walikuwa wakiomba Mungu. Wandera hakuomba, alichukua spana.

Akatengeneza bomba la upepo. Alitoa injini kwenye msumeno wa kukatia miti, akafungia feni ndani ya sufuria mbili zilizofunikana, sufuria zangu za harusi, na mbele akatia paipu nene. Feni ikizunguka, upepo unatoka kwenye paipu mbio. Dawa inashuka kwa mpira mwembamba hadi mdomoni mwa paipu, na pale upepo unaikamata na kuipasua ikawa matone. "Mama Job," aliniambia, "hakuna kupampu tena. Kazi yote inafanywa na upepo." Nikamwambia hata kichwani mwake kazi yote inafanywa na upepo. Akacheka sana. Sasa mtu akicheka namna hiyo huku mkono wake uko ndani ya sufuria zako za harusi, utamfanya nini?

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Kulikuwa na mama mmoja, Nzembi, msimamizi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na alikuwa tayari kuchukua mashine kumi na mbili kama hii ya kwanza itafaulu mtihani wake. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kadi. Ni vikadi vya manjano, ukubwa wa tiketi ya basi, vikiguswa na maji tu vinageuka buluu pale tone lilipoanguka. Hata jasho la kidole linaacha alama. Nzembi angebandika kadi kwenye majani ya mibuni, na nyingine angezipanga ng'ambo ya ua, hatua kumi na tano kutoka mstari wa mwisho, kwa sababu huko ng'ambo jirani yake alikuwa na mizinga ya nyuki na walikuwa wameshagombana kuhusu dawa hadi kwa chifu. Kwenye majani alitaka kadi zijae matone. Ng'ambo ya ua hakutaka hata moja.

Maingi alikuwa amemwambia Wandera kwa mdomo wake mwenyewe: kadi za nyuki zikigeuka buluu, Jumanne usije. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa inategemea karatasi ambayo hata haitoshi kufungia njugu. Niliogopa, na nikawa nakasirika kwa sababu ya kuogopa, ndivyo nilivyoumbwa. Wandera yeye alikuwa akipiga mluzi.

Mimi nami nilikuwa na Jumapili yangu. Kanisa letu ni la kanzu nyeupe na ngoma, lile ambalo watu wa mtaa wakituona tunapita wanasema "wale malaika wameamka". Jumapili hiyo Askofu Nabiswa alikuwa aniwekee mikono niwe Mama Mkuu wa tawi la Jericho. Mama Mkuu anatembea nyuma ya askofu moja kwa moja, mbele ya wazee wote. Nilikuwa nimengoja miaka tisa. Na kanisani kwetu hawachezi na mambo ya kujikweza. Adhiambo, aliyekuwa apewe kabla yangu, alinyimwa kwa sababu aliketi benchi la mbele wiki moja kabla ya siku yake. Wiki moja tu, na mpaka leo anapiga kayamba kule nyuma.

Jumamosi hiyo zamu ya kufua ilikuwa yangu. Kanzu thelathini na moja. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi pale kwenye bomba la maji, na kufikia saa nne mikono yangu ilikuwa imekunjamana na mgongo unalia. Kutundika nako kuna sheria zake. Kanzu zetu hazitundikwi ovyo, zinatundikwa kwa vyeo. Kamba ya mwisho, kule karibu na lango, ni ya askofu na wazee, kwa sababu iko mbali na vyoo. Inayofuata ni ya mashemasi. Ya tatu ni ya walimu. Na kamba ya karibu, hatua sita kutoka kwenye kishamba chetu cha sukuma wiki, ni ya kwaya na takataka wengine, samahani, waumini wengine. Kila kanzu ina jina na cheo vimeshonwa ndani ya kola kwa uzi mwekundu, asije mtu akasema hakujua.

Kanzu yangu ilikuwa bado ya kwaya. Nilijua hivyo, tena kwa herufi nilizozishona mwenyewe. Nilikuwa nimeishika mkononi, imebaki peke yake kwenye karai, nikatazama kamba ya kwaya ilivyobanana, nikatazama kule kwenye kamba ya askofu. Kulikuwa na nafasi, katikati ya kanzu ya askofu na ya Mzee Lusweti, katibu wa kanisa. Nikasema moyoni, kwani kesho nitakuwa nani? Nikatembea mpaka kule na kuitundika. Nikarudi nyuma hatua mbili niiangalie. Ilipendeza, haki ya Mungu, sitakudanganya. Nikapanga kuianua kabla ya mtu yeyote kupita, nikaingia ndani kusonga ugali.

Sikujua kwamba Wandera alikuwa ameleta bomba lake nyumbani.

Kumbe kadi za manjano zilikuwa zimebaki chache karakanani na Maingi alizifungia kwa ajili ya Jumatatu. Wandera naye alitaka kupima mara ya mwisho. Kwa hivyo akaenda kwa jirani yetu Kalekye, mama Mkamba anayesuka vyondo mlango wa pili, akamwomba rangi ya buluu ya kutilia katani. Kalekye akampa kopo zima bila kuuliza, kwa sababu Wandera ana ulimi wa asali akitaka kitu. Akaikoroga ndani ya maji, akatandaza magazeti ya zamani kuzunguka sukuma wiki, hatua tatu kila upande, akajibebesha mashine yake na kuvuta kamba ya injini.

Mimi nilisikia kelele nikadhani ni posho mill inasaga unga.

Yaliyofuata niliyasimuliwa na Kalekye, aliyekuwa amekaa mlangoni na kiondo chake. Mwanzoni Wandera aliendesha injini kwa kasi ndogo. Upepo ulitoka polepole, matone yakawa manene, sukuma zikalowa mpaka zikachuruzika. Watu walikuwa wameshajaa, si unajua Jericho, ukikohoa mara mbili unapata mkutano. Mmoja akapaza sauti, "Buda, hiyo si ni mvua tu! Hata mimi nina ndoo kwangu!" Wakacheka. Wandera akiguswa hapo amekwisha. Akasukuma kishikio cha injini, kile cha kuongeza kasi, mpaka mwisho, sufuria zangu zikalia uuuuu, na maji yote yakageuka ukungu. Ukungu wa buluu, mwembamba, mzuri, unapanda na kutanda juu ya sukuma kama moshi wa jikoni. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema hata Ulaya hawana kitu kama hicho. Wandera akazunguka kishamba mara tatu, kifua mbele, kama bwana harusi.

Na kulikuwa na kaupepo kadogo. Kadogo tu, ka kukaushia nguo.

Nilipotoka nje na mwiko mkononi, injini ilikuwa imezimwa. Wandera alikuwa amepiga magoti akisoma magazeti yake. "Mama Job, njoo uone!" akaniita. "Hatua moja, matone tele. Hatua ya pili, machache. Hatua ya tatu, hakuna kitu. Hakuna tone limepita hapa. Nyuki wa yule jirani watalala usingizi."

Nikamwambia vizuri, na nikageuka kuangalia kanzu.

Sitakwambia maneno niliyosema. Nilikuwa nawekewa mikono kesho yake na nilisema maneno ambayo hata makanga wa matatu za Eastleigh angeomba niyarudie aandike. Kanzu zote zilikuwa na buluu. Zote! Nilikimbia nikaanua moja kambani, nikaitia kwenye karai, nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa ndimu. Kalekye akaja akasimama kando yangu.

"Mama Job, wacha kujichosha," akasema kwa upole. "Hiyo rangi haitoki. Ndiyo sababu huwa nanunua hiyo."

Nikazianua zote nikazirundika juu ya nyasi. Nilitaka kulia lakini hasira ilikuwa imeziba njia. Wandera alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, akinipima kama anavyopima injini inayotoa moshi.

"Si mimi," akasema.

"Ati nini?"

"Vile vidogo vidogo si vyangu. Vyangu viliangukia kwenye gazeti. Hivyo ni vumbi la rangi ya Kalekye, limepeperuka kutoka kwenye kopo."

"Wewe Wandera!" Kalekye akaruka. "Kopo langu lina kifuniko! Nakupa rangi ya bure na unanitia kwenye kesi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuzitenganisha zile kanzu. Sikuwa nafanya sayansi, nilitaka tu kujua ni ya nani imeharibika zaidi ili nijue nitaanza kuomba msamaha wapi. Nikasoma majina kwenye kola, nikazitandaza kwenye nyasi zilivyokuwa kambani, kwaya hapa, walimu pale, mashemasi kule, wazee na askofu mwisho. Nilipoinua macho nikaona kitu. Kanzu za kwaya zilikuwa na madoa makubwa kama mbegu za wimbi. Za walimu yalikuwa kama kichwa cha pini. Za mashemasi, ncha ya sindano. Na ya askofu, lazima uishike mkabala na jua ndipo uone, vidoti vidogo mno, lakini vingi, mamia kwa mamia.

Mimi sikusoma mbali, lakini nimepepeta mtama maisha yangu yote. Ukiurusha kwenye upepo, punje nzito inarudi kwenye ungo, makapi yanaenda kwa jirani.

"Baba Job," nikasema, "njoo hapa. Huu ukungu wako uliopigiwa makofi umefika kwenye lango. Hatua arubaini na mbili. Nyuki wa Ruiru wako hatua ngapi?"

Alikuja akachuchumaa. Unaweza kumtukana Wandera mpaka uchoke, lakini ukimwekea kitu mbele atakitazama. Akachukua ya kwaya, akachukua ya walimu, akachukua ya mashemasi. Nikaona uso wake unabadilika, taratibu. Alianza kunong'ona peke yake. "Upepo mwingi unapasua sana... yanakuwa mepesi... hayaanguki kwenye gazeti, yanapita juu yake..." Nilijua yuko karibu kukubali. Pikapu ya Maingi ilikuwa ije saa kumi na moja kuchukua mashine kuipeleka Ruiru, na yeye alikuwa ameshaniambia kwamba kabla haijaondoka atakifunga kishikio cha injini kwa nati mahali pamoja, ili dereva wa watu asije akakichezea. Ilikuwa saa kumi kasoro.

Ndipo akaichukua yangu.

Nilikuwa nimeitandaza pamoja na za kwaya, kwa sababu kola ilisema kwaya, na Kalekye alikuwa pale anatazama, na nilikuwa na haya. Wandera akaifungua, akaisogeza karibu na macho, akaishika mkabala na jua. Kisha akasimama wima na kutabasamu, na nikajua nimekwisha.

"Mideva, kwaya," akasoma kwa sauti. "Kamba ya kwanza. Hatua sita kutoka kwangu. Onyesha doa moja la wimbi hapa. Moja! Ni vidoti vitupu, kama vya askofu. Kwa hivyo umbali si hoja hata kidogo. Kipimo kimoja kikikataa, vyote vimekataa. Ni vumbi la kopo, nilisema mimi." Akavaa kofia yake. "Nati yangu nafunga pale pale juu."

"Baba Job, njoo ndani kidogo nikwambie kitu."

"Sema hapa hapa! Umenitukana hapa hapa!"

"Ndiyo, semeni hapa hapa," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Askofu Nabiswa. Kuna mtu alikuwa ameshakimbia kumwita, Jericho haikosi mtu wa kukimbia. Siku za kazi askofu alikuwa mpika sabuni kwenye kiwanda kimoja cha hapo karibu, na alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, ananukia sabuni ya mche, na Mzee Lusweti nyuma yake kwa shati jeupe na kalamu mfukoni. Askofu aliinama, akaichukua kanzu yake, akakwaruza kidoti kwa ukucha. Akakitia mate. Akakwaruza tena.

"Hii haitoki," akasema, na kama mpika sabuni anasema haitoki, basi.

Wandera akamweleza yote, na kusema ukweli alieleza vizuri, mashine, kadi, nyuki, Jumanne usije, na mwisho akamwonyesha kanzu yangu kama wakili. Askofu alisikiliza. Kisha akanigeukia.

"Mideva. Wewe ndiye uliyetundika. Kila kanzu ilikuwa mahali pake?"

Wee! Nilitamani ardhi inimeze pale pale pamoja na karai langu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na kesho yake ningetembea nyuma yake mbele ya wazee wote. Hakuna aliyeniona natundika. Ningesema ndiyo, Wandera angefunga nati yake juu, na Jumatatu kadi za nyuki zingegeuka buluu zote, na Jumanne angekaa pale sebuleni na buti zake safi. Nilimwona tayari. Niliwaona wale kumi na mmoja wa kwanza, walivyokuwa wanazungukazunguka sokoni mchana wakiwa wamechana nywele vizuri, hawanunui kitu. Na huyu mwanamume mwenyewe alikuwa ananitazama kwa ushindi, mpumbavu, hajui kwamba anashangilia kufukuzwa kwake. Nilimchukia na nikamwonea huruma kwa pamoja. Niliwachukia wote, na askofu pia na sabuni yake.

"La," nikasema. "Yangu haikuwa mahali pake."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kamba yako. Katikati yako na Mzee Lusweti."

Mzee Lusweti akakohoa kama amemeza mfupa. "Katikati?" akasema. "Mama Job! Katikati ya... kanzu yako ilikuwa inagusana na yangu?"

"Kulikuwa na upepo, mzee," nikamjibu. "Sijui ziligusana mara ngapi."

Kalekye alifunika mdomo kwa kiondo. Askofu alinitazama, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, hiyo ndiyo iliyoniuma. Na Wandera? Unafikiri alisikia habari ya cheo na dhambi? Aliinyakua kanzu yangu tena.

"Kamba ya mwisho?" akasema. "Hatua arubaini na mbili?"

"Arubaini na mbili."

Akaiweka kando ya kanzu ya askofu. Akaiweka kando ya kanzu ya Lusweti. Vidoti vilikuwa ndugu. Akakaa chini kwenye nyasi, kofia ikamdondoka, na nikasikia akisema taratibu, "Mungu wangu. Ningewanyeshea nyuki wote wa Ruiru." Kisha akainuka kama aliyechomwa na sindano, akaenda kwenye mashine.

Akarudisha kishikio cha injini mpaka katikati. Akaufungua zaidi ule mpira mwembamba wa dawa. "Upepo ukipungua na maji yakiongezeka, tone linakuwa na uzito," alikuwa akijieleza mwenyewe. "Si zito la kuchuruzika. Zito la kujua kwake ni wapi." Kisha akageuka akitafuta kitu cheupe. Kanzu zote zilikuwa zimeharibika. Macho yake yakatua kwenye shati la Mzee Lusweti.

"Mzee, simama pale. Hatua kumi na tano. Tandaza mikono."

"Mimi? Shati hili ni la—"

"Lusweti," askofu akasema, "simama pale."

Basi katibu wa kanisa akasimama katikati ya uwanja wa Jericho, ametandaza mikono kama sanamu ya kutishia ndege, macho ameyafumba na midomo inasema sala. Injini ikanguruma, safari hii kwa sauti ya chini, na watu waliokuwa wamerudi kutazama hawakupiga makofi hata kidogo, kwa sababu hakukuwa na ukungu wa kuonekana. Kulikuwa na majani tu yanayotikisika. Wandera alipozima, nikaenda mimi mwenyewe kulikagua lile shati, mbele, nyuma, mikono, kola. Nililishika mkabala na jua Lusweti akiwa ndani yake. Halikuwa na kitu. Kwenye majani ya sukuma, chini na juu, kulikuwa na madoa yaliyojaa vizuri, hayachuruziki.

Nati ikafungwa pale katikati. Saa kumi na moja pikapu ikaja.

Askofu alikuwa bado amesimama na kanzu yake mkononi. "Kesho tutavaa hizi hizi, hatuna nyingine," akaniambia. "Na wewe utakaa kwaya, Mideva. Mpaka nitakaposema." Nikamwambia sawa, Baba. Nilitaka kuongeza jambo, sikuongeza. Hiyo mara moja mdomo wangu ulinitii.

Sasa fikiria ibada hiyo. Tuliingia kwa ngoma, watu wa mtaa wamejipanga barabarani, na kila mtu angeweza kusoma kwenye mgongo wa mwenzake alikotundikwa. Kwaya tulikuwa na madoa kama kanga wa porini. Mashemasi ukiwatazama haraka hungeona kitu. Na mimi nilikuwa katikati ya kwaya, mstari wa pili, na kanzu yangu inang'aa kwa mbali kama ya askofu. Hata asiyesikia habari aliielewa akiniona. Nabalayo, wa sauti ya tatu, akanisogelea wakati wa pambio akaninong'oneza, "Dada, wewe ulikuwa unakaukia wapi?" Niliimba kwa nguvu mpaka sauti ikakatika. Kule mbele, nyuma ya askofu, kulikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na wazee walitembea wakiiacha hivyo hivyo. Iliniuma. Inaniuma hata sasa nikisimulia, na mtu akiniambia kujinyenyekeza kunaleta amani moyoni nitampiga na mwiko.

Jumatatu Wandera alirudi saa kumi na mbili jioni. Nilisikia buti zake mlangoni nikaogopa kutoka jikoni. Akaja mwenyewe, akasimama na vumbi lake lote jekundu la Ruiru. Akatoa kadi mbili mfukoni mwa shati, zimefungwa kwenye karatasi ya plastiki. Ya kwanza ilikuwa imejaa vidoti vya buluu, vimepangana kama mahindi kwenye gunzi.

"Ya majani," akasema.

Ya pili akanitilia mkononi. Ilikuwa ya manjano tupu, kona hadi kona.

"Ya nyuki. Nzembi alikagua zote ishirini na zote ziko hivyo hivyo. Amechukua kumi na mbili, na Maingi amenipa mkono." Akavua kofia. "Nimemwomba hiyo moja. Nikamwambia ni ya mama wa nyumbani, ni kanzu yake ndiyo iliyotuambia."

Nikaitazama ile kadi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kuhusu sufuria zangu, nilikuwa na maneno yote tayari tangu Jumamosi, lakini machozi yaliwahi mbele. Nililia. Kwa miaka tisa, kwa miaka kumi na tisa, kwa ile nafasi tupu nyuma ya askofu, sijui, nililia kwa yote pamoja. Chozi likaangukia katikati ya ile kadi, na manjano yakageuka buluu hapo hapo mbele yetu, doa pana kama sarafu.

Wandera akainama. Akalitazama kwa makini, jicho moja amelifumba, kama anavyotazama kila kitu.

"Hilo ni kubwa mno, Mama Job," akasema. "Ongeza upepo kidogo."

Nikampiga kofi la mgongo, pale pale mikanda ya bomba ilipokuwa imemchubua, na akapiga kelele mpaka Kalekye akaja mbio kuuliza ni nani amekufa.